Kisanduku cha Chini

Mideva alibadilisha mpangilio wa madirisha ya kompyuta, akaifunga programu ya kumbukumbu za wagonjwa na kuifungua upya. Safari hii fomu ya mgonjwa haikujikunyata kwenye kona kama kawaida yake. Ilijaa kioo kizima.

Chini kabisa, mahali ambapo hakuwahi kupaona kwa miezi minne aliyofanya kazi katika zahanati hiyo ya Kariobangi, palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Mengineyo". Karani aliyemtangulia alikuwa amekijaza.

Mbele yake aliketi mzee fundi wa masufuria, yule aliyemfokea kila mwezi.

"Si uniulize unachotaka?" mzee alinguruma.

"Nimekuuliza mara mbili, mzee."

Mzee alizidi kukunja uso. Mideva akarudisha macho kwenye kisanduku: "Sikio la kushoto limekufa kwa kelele za nyundo. Ongea naye kutoka kulia. Si mkali, ni mcheshi sana."

Aliyasoma maneno hayo mara mbili, mashavu yakamwaka kwa aibu. Kisha akainuka, akaizunguka meza na kuchutama upande wa kulia wa mzee, karibu kabisa na lile sikio zima lenye nywele nyeupe.

"Habari ya asubuhi, mzee? Umeamkaje leo?"

Mzee aligeuka taratibu, mikunjo ya uso ikifunguka mmoja mmoja.

"Kumbe unaongea," alisema. "Miezi yote hii nilidhani unatafuna mkate."

Mideva alicheka mpaka foleni nzima ikamgeukia.