Tairi za Kwenda Diff

Dukani kwangu Garissa, afande wa jeshi alijichagulia tairi nne za Landrova, zenye meno marefu. "Hizi zitanifikisha Diff kesho," alisema.

Nilijua hazingefika. Meno yale huchimba mchanga mpaka gari linalalia tumbo. Dada yangu Raho hunywesha ngamia wake visimani Diff, na kila kisima walichopitia askari mwaka ule kilibaki na mizoga ya ngamia waliopigwa risasi. Nilitakiwa kunyamaza tu.

Lakini nimeuza tairi miaka ishirini. Nikajisikia nikisema, "Hizo zitakukwamisha, afande. Chukua hizi pana, za meno mafupi. Ukifika mchangani, punguza upepo."

Akanishika mkono kwa furaha. "Asante, mzee. Wewe ni mtu wetu."

"Karibu tena," nikajibu.