Abiria wa Majaribio

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta tiketi shangazi alipopiga simu.

"Mwanangu, nimepata ujumbe. Eti Ijumaa naja kwako kwa ndege?"

Kazi yangu katika shirika la ndege ni kukata tiketi za uongo kutwa nzima, nione kama mtambo wetu wa tiketi una kasoro. Kila abiria lazima awe na jina na namba ya simu, na mimi miaka yote naandika za shangazi, maana ndizo zilizokaa kichwani. Asubuhi hiyo nilisahau kuhamia kwenye mtambo wa majaribio, tiketi ikatoka ya kweli.

Msimamizi wangu alisimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. "Ifute kabla ya saa sita," alisema. "Au ilipie kwa ile tiketi ya bure unayopewa kila mwaka. Hiari yako."

Ile nilikuwa nimeitunza kama mboni ya jicho kwa ajili ya likizo yangu.

"Shangazi," nilianza, "kuna jambo dogo..."

"Jirani nimeshamwambia. Amenuna, lakini sanduku kaniazima."

Msimamizi, aliyekuwa akisikia yote, akapaliwa na chai.

Kidole kilikuwa kimelowa jasho, kimeacha alama kwenye kitufe. Nikakiinua, nikaifuta alama kwa shati, kisha nikafungua ukurasa wa viti.

"Shangazi, nikuwekee kiti cha wapi?"

"Dirishani," alisema. "Upande wa kwa jirani. Nataka anione nikipita."