Benchi la Mbao za Masanduku

Pipa la saruji liliingia uani likibingirika, kuku wakatawanyika, na nyuma yake akatokea Sostenes akihema.

"Hodi hapa!"

Ruthu aliacha jiwe la kusagia uwele. "Shikamoo," alisema, akaivuta makusudi ili mtu mzima akumbuke umri wake.

"Marahaba. Mama yumo?"

Kila siku ni mama yumo! Tangu Wajerumani wafikishe reli Dodoma, Sostenes, mgane wa makamo aliyefanya kibarua stesheni, hakuacha kuleta makorokoro yake kwao Ruthu, kijijini Kizota. Vitu vizima vya reli hakuvigusa, maana kiboko cha msimamizi hakikuwa na mchezo. Lakini mapipa yaliyopasuka, masanduku yaliyovunjika na misumari iliyopinda aliruhusiwa kuchukua. Alianza kwa kutengeneza rafu ya vyungu. Ikafuata taa ya kopo la mafuta, iliyotobolewa matundu hata ukuta wa tembe ukajaa nyota. Kizota nzima ilikwisha kusema kwamba jamaa anaposa, na nyumba ile ilikuwa na msichana mmoja tu.

Ruthu hakumtaka hata kidogo. Moyo wake ulikuwa kwa Yotham, mchunga ng'ombe wa jirani, ambaye hakuwahi kumletea hata kijiti. Yotham aliahidi kutuma washenga baada ya mavuno. Ruthu aliogopa kwamba kabla ya hapo mama yake angekuwa ameshanunuliwa kwa mbao.

Sostenes akalifumua pipa. Mbao zake zilizojikunja akazifanya mgongo wa kiti, akazibana kwa pete za chuma za pipa lenyewe. Kisha akaanza kukata miguu.

"Mbona mifupi hivyo?" Ruthu aliuliza.

"Goti la mama yako halipendi kiti kirefu," akajibu bila kuinua macho.

Mjanja huyu, aliwaza Ruthu. Anamlainisha mama kwanza.

Na mama alilainika kweli. Kwa mila yao mkwe huogopwa: mama na mume wa bintiye hupishana njiani kwa mbali, hawali pamoja, na kukaa kiti kimoja ni aibu ya ukoo mzima. Lakini Anyesi, mjane ambaye watu walikuwa wamesahau meno yake yalivyo, alimpakulia Sostenes ugali na mlenda kwa mkono wake mwenyewe, akacheka vichekesho vyake visivyochekesha.

"Mama, hata hujifichi? Mkwe yule!" Ruthu alimnong'oneza.

"Mkwe wa nani? Mimi nimepokea ng'ombe wa nani?" Anyesi akamjibu, akaongeza mlenda.

Ruthu akaenda kulia jikoni, akasingizia moshi.

Mazao yalipoiva, Sostenes akaja na benchi kichwani. Lilikuwa la mbao za masanduku, zimesuguliwa kwa mchanga hata maandishi ya Kijerumani yakabaki kama madoa ya chai. Majirani waliacha kazi zao wakamfuata mpaka uani. Akalitua katikati, akajifuta jasho.

"Nimelileta mbele ya watu," alisema, "na jibu nalitaka mbele ya watu."

Anyesi akatoka ndani. Alikuwa amevaa kanga mpya. Akalizunguka benchi, akaligusa pembe, akalisukuma kwa goti lake bovu kuona kama linayumba. Halikuyumba.

Ruthu hakuweza tena kuvumilia. "Mama, mimi simtaki huyu!"

Sostenes akamtazama msichana kwa mshangao, mdomo wazi.

"Kwani nani kakuuliza?" alisema Anyesi.

Akaketi kwenye benchi, akajivuta kidogo pembeni, kisha akapigapiga ubao uliobaki wazi.

"Haya, Sostenes. Njoo ukae."