Mkwe Kwenye Meza ya Usaili

Mwalimu wa chuo alimwonya Blessing: asiyemtazama msaili usoni hapati kazi. Sasa alikuwa mbele ya wasaili watatu wa kampuni ya malori mjini Tunduma, na mwenyekiti wao, lahaula, alikuwa baba mkwe wake.

Kwao Ileje, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Blessing akajibu swali la kwanza akiangalia kiatu chake, chenye tope la kijijini Mbebe kisiginoni.

“Dada, unaongea na sakafu?” msaili mmoja, meneja, aliuliza. “Mtazame mwenyekiti, au tumwite mwingine.”

Blessing akainua macho taratibu, kama anayechungulia kaburi.

Mwenyekiti alikuwa ameshageuza kiti, kaupa usaili mzima mgongo.

“Jibu, mama,” aliuambia ukuta. “Nakusikia.”