Ushauri wa Chura kwa Msafiri

Mvua za masika zilipoanza, kumbikumbi wakatoka ardhini, na mbayuwayu wakawala kwa pupa kabla ya safari yao ya kaskazini. Sikitu, mbayuwayu mchanga aliyekuwa hajawahi kufanya safari hiyo, alitua karibu na Chura mlafi.

"Binti, msafiri gani anajaza tumbo?" Chura akamwuliza. "Jangwa huvukwa na wepesi. Kumbikumbi hawa tuachie sisi tusio na safari."

Sikitu akaacha kula. Siku ya kujaribu mbawa, akaishiwa nguvu kabla ya kuvuka bonde.

"Jangwani hakuna kumbikumbi, mwanangu," shangazi yake akamwambia. "Mafuta ya mwilini ndiyo masurufu yetu. Usiponenepa, tutakuacha. Na anayekushauri usile, mtazame kwanza tumbo lake."

Sikitu akarudi, akamkuta Chura amevimba kama kibuyu.

"Mzee, Korongo naye anasafiri. Anauliza, ale au asile?"

Chura, ambaye babu zake wote waliishia tumboni mwa akina Korongo, akajibu upesi, "Mwambie asile. Safari ni wepesi."

"Nimekwisha kumwambia hivyo, akacheka. Sasa anakuja umweleze mwenyewe."

Chura akatumbukia shimoni, akawaacha kumbikumbi nje. Sikitu akala hadi shingo ikapotea, na wenzake waliporuka kwenda kaskazini, naye alikuwemo.