Kichwa cha Nasieku

Tangu kofia za shule zenye kompyuta zianze kumfundisha kila mtoto kwa lugha ya mama yake na kumsalimu kwa mila za kwao, Mwalimu Atupele alibaki na kazi ya kuita majina tu. Ndiyo maana Nasieku, mtoto mgeni kutoka Umasaini, alipomjia kabla hajapewa kofia, akainamisha kichwa na kusubiri, mwalimu alidhani anaona haya.

"Inua kichwa, mwanangu. Hujakosa kitu."

Mtoto aliinua kichwa, machozi yakimlengalenga.

Jioni, akichagua mchele, Atupele alimsimulia mumewe. Mzee alimtazama kwa mshangao.

"Mama Lugano, si alikuwa anakuamkia? Alitaka umguse utosini. Wewe ndiye uliyenifundisha hayo, enzi zile darasa lako lina makabila kumi na manane na hukosei hata moja."

Wali uliungua siku hiyo.

Asubuhi alimngoja Nasieku mlangoni, mkono ameshaunyoosha. Mtoto alikuja kichwa juu, kofia mpya imemkaa sawasawa, akaukwepa ule mkono kwa adabu.

"Kofia imeshaniitikia, mwalimu," alisema, akaenda kuketi.