Jina la Mwajabu Mlangoni

Kila virusi vipya vilipoingia mjini, milango ya nyumba zote ilijifunga yenyewe kwa siku arobaini, na kabla ya hapo ilimpokea tu aliyeandikishwa na mwenye nyumba. Rukia alishanunua unga, maharage, mkaa, na dawa ya pumu ya mdogo wake Mwajabu, ingawa hawakuwa wamesemezana tangu mama yao afariki.

Ikikaribia saa sita mchana, saa ya milango kujifunga, Mwajabu akatokea na begi, akihema.

“Dada, uliniandikisha?”

“Ingia, mwenzangu!”

Mlango ukamtambua, ukafunguka. Rukia akamkumbatia huku akilia kwa furaha. Komeo likajifunga.

Walipomaliza kula, Mwajabu akasema taratibu, “Sasa niambie kwa nini hukuniita mama alipozidiwa.”

Rukia akautazama mlango.